Haki ya Kuzeekea Nyumbani: Historia ya Matunzo ya Masista Wazee katika Utawa wa Kikatoliki

Mwanamke anayeweka nadhiri za daima, yaani ahadi za ufukara, useja mtakatifu na utii zinazomfunga mbele ya Mungu na Kanisa mpaka kufa kwake, huacha kwa pamoja mambo mawili ambayo katika jamii karibu zote yamekuwa tegemeo la mzee: watoto wa kumtunza, na mali ya kumlipia matunzo pale watoto wanapokosekana. Kwa sababu hiyo kila jumuiya ya watawa wa kike ilijikuta tangu siku zake za mwanzo na swali lisilokwepeka, la nani atakayemlisha, kumwogesha na kumzika sista ambaye nguvu zimemwishia. Majibu yamebadilika kwa nyakati na kwa nchi, lakini kiini chake kimebaki kile kile kwa zaidi ya miaka 1,500: aliyeitolea nyumba nguvu zake zote ana haki ya kutunzwa na nyumba hiyo, na haki hiyo hulipwa kwa mikono ya walio wadogo wake. Historia ya matunzo haya ni historia ya deni linalopokezwa kutoka kizazi hadi kizazi, na uchungu wake mkubwa uko katika zile nyakati ambapo kizazi cha kulipokea hakikuwapo.

Mojawapo ya maandishi ya kale yanayogusa jambo hili lilitoka Afrika. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliiandikia jumuiya ya wanawake iliyoingiwa na ugomvi barua ambayo katika mkusanyiko wa barua zake inajulikana kama Barua ya 211, na humo akaelekeza kwamba vitu vya pamoja vigawiwe kwa kadiri ya mahitaji ya kila mmoja, kwa kuwa afya za watu hazilingani, na kwamba awekwe sista mmoja wa kuwaangalia wagonjwa na wadhaifu, ambaye ndiye atakayekwenda ghalani kuchukua kile anachoona kila mmoja anakihitaji. Agizo hilo la mwisho ni fupi, lakini lina hekima nyingi, kwani lilimwondolea mdhaifu aibu ya kuombaomba ndani ya nyumba yake mwenyewe. Karibu karne moja baadaye, huko Arles, kusini mwa Ufaransa ya leo, Askofu Sesari alijenga monasteri ya wanawake iliyowekwa wakfu mwaka 512, dada yake Sesaria akawa abesi, yaani mama mkuu wa monasteri, na akawaandikia masista hao kanuni iliyokuwa na sharti kali la klausura, ambalo ni katazo la kuvuka malango ya monasteri. Aliyeingia hakutoka tena mpaka kufa. Mahali pasipotokwa mpaka kufa hapana budi pawe pia mahali pa kuzeekea, na Sesari aliliona hilo, ndiyo maana kanuni yake inataka wazee na wagonjwa wasitengwe kila mmoja na chumba chake, bali wapokewe wote katika chumba kimoja na wakae humo pamoja. Leo chumba cha pamoja kinaweza kuonekana kama upungufu wa heshima, lakini kwa mwandishi huyo upweke ndio uliokuwa hatari kubwa zaidi kwa mzee.

Kanuni iliyoenea kuliko zote, ile ya Mtakatifu Benedikto wa Nursia ya karne ya 6, iliandikwa kwa ajili ya wanaume, lakini monasteri za wanawake ziliipokea na kuishi kwayo mpaka leo. Sura yake ya 36 inaweka huduma ya wagonjwa mbele ya mambo mengine yote, ikitaka wahudumiwe kama Kristo mwenyewe, wapewe chumba chao na mhudumu mcha Mungu mwenye bidii, waruhusiwe kuoga kila inapofaa na, wale waliodhoofika sana, kula nyama ambayo wengine walikatazwa. Sura ya 37, ambayo ni fupi mno na inastahili kusomwa zaidi kuliko inavyosomwa, inawashughulikia wazee pamoja na watoto: Benedikto anakiri kwamba moyo wa mwanadamu huelekea wenyewe kuwahurumia watu wa umri huo, lakini hakuridhika na hisia hiyo, akataka mamlaka ya kanuni nayo iwalinde, ili ukali wa chakula usiwapate na waruhusiwe kula kabla ya saa zilizopangwa. Huruma ya mtu mmoja hutegemea siku na hali yake, ilhali kanuni haichoki, na katika tofauti hiyo ndogo umo mwanzo wa kila taasisi ya matunzo iliyofuata.

Kutokana na sura hizo lilizaliwa jengo. Infirmaria, yaani nyumba ya wagonjwa na wazee iliyo ndani ya eneo la monasteri, inaonekana tayari katika ramani maarufu iliyohifadhiwa Sankt Gallen, Uswisi, iliyochorwa mwanzoni mwa karne ya 9, ambamo wagonjwa wamepangiwa kanisa dogo lao, nyumba ya kuogea, nyumba ya tabibu na bustani ya mitishamba. Ramani hiyo ilikuwa ya monasteri ya wanaume, lakini mpango wa namna hiyo ulifuatwa kwa viwango mbalimbali hata katika nyumba za wanawake, nyingi zikiwa maskini zaidi. Katika miezi ya baridi infirmaria ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zenye moto, na moto huo pamoja na nyama na usingizi mrefu viliifanya iwe mahali palipotazamwa na wakuu wa monasteri kwa jicho la tahadhari, wasije walio wazima wakajificha humo.

Kufa nako kulikuwa na utaratibu wake, uliokuwa sehemu ya matunzo yenyewe. Desturi za monasteri za zama za kati zinaeleza jinsi anayekata roho alivyolazwa juu ya nguo ya gunia na majivu, kisha ubao ukagongwa kwa nguvu, na waliousikia, popote walipokuwa na chochote walichokuwa wakikifanya, wakakimbilia kitandani huku wakiikiri Imani kwa sauti. Mbio zilikatazwa monasterini kwa shughuli nyingine, zikaruhusiwa kwa hiyo. Wadominiko, wa kiume kwa wa kike, walizoea kumwimbia anayefariki Salve Regina, wimbo wa Kilatini wa kumsalimu Bikira Maria, na desturi hiyo imedumu.

Matunzo hayo yaligharimiwa kwa njia kuu mbili. Monasteri kubwa zilikuwa na mashamba yaliyoachwa wakfu na wafalme na matajiri, na juu ya hayo kila binti aliingia na mali iliyotolewa na familia yake, ambayo mapato yake yalipaswa kumtunza maisha yake yote. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 bado uliidai mali hiyo kwa wamonaki wa kike wenye nadhiri kuu, ukaagiza iwekezwe mahali salama penye faida, isitumiwe kabla ya mwenyewe kufa, na mtaji wote arudishiwe akiondoka. Ulikuwa ni mfuko wa pensheni kwa kila hali isipokuwa jina, ingawa ulikuwa na dhambi yake, kwani binti wa maskini mara nyingi aliingia kama sista wa kazi za mikono, akawatumikia katika uzee wao wale ambao familia zao zilikuwa na uwezo wa kulipa.

Nguvu ya mpango huo ilionekana wazi pale dola zilipouvunja. Nchini Uingereza, sheria za mwaka 1536 na 1539 za Mfalme Henry VIII zilizifunga monasteri zote kufikia mwaka 1540, na watawa wakapewa posho za mwaka ambazo hazikulingana hata kidogo: Elizabeth Zouche, abesi wa mwisho wa Shaftesbury, mojawapo ya monasteri tajiri zaidi za wanawake nchini humo, alipewa zaidi ya pauni 130, ilhali sista wa kawaida wa nyumba ndogo aliweza kuambulia pauni 2 au 3. Sheria nyingine ya mwaka 1539 iliendelea pia kuwafunga kwa nadhiri ya useja, hivyo mwanamke aliyenyang'anywa nyumba ya kuzeekea alinyimwa vilevile njia ya kuipata nyingine kwa ndoa. Kwa kijana lilikuwa pigo. Kwa mwenye miaka 70, ambaye wazazi na kaka zake walikwisha kufa, lilikuwa ni kutupwa nje. Miaka 250 baadaye Mapinduzi ya Ufaransa yalirudia jambo hilo kwa ukali zaidi, yakikataa kuzitambua nadhiri kuu mwezi Februari 1790 na kuwaamuru masista watoke katika nyumba zao kufikia Oktoba 1792. Wakarmeli wa Compiègne waliotawanywa hivyo walijigawa katika makundi madogo yaliyoishi karibu karibu, wazee wakiwa miongoni mwao, na walipouawa kwa gilotini mjini Paris tarehe 17 Julai 1794, wawili kati ya 16 walikuwa na umri wa miaka 78. Hakuna aliyeachwa nyuma kwa sababu ya uzee.

Desturi ya Wakarmeli katika suala hili ilitoka kwa Mtakatifu Teresa wa Avila, ambaye katika katiba aliyowaandikia masista wake katika miaka ya 1560 aliagiza kwamba wagonjwa wapewe shuka za kitani na vitanda vizuri, katika nyumba ambamo wazima walilala juu ya magodoro ya majani makavu, na kwamba ni afadhali wazima wakose kuliko wagonjwa kupungukiwa. Karne tatu baadaye, katika monasteri ya shirika hilo hilo huko Lisieux, Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliandika habari za huduma ambayo, akiwa bado mnovisi, yaani mwanafunzi wa utawa, alimpa Sista wa Mtakatifu Petro, mzee aliyelemazwa na maradhi na asiyeridhika kirahisi, na maelezo yake ni kati ya machache yanayoonyesha kwa karibu kazi hii ilivyokuwa. Kila jioni, kabla ya saa kumi na mbili, mzee huyo alitikisa chombo chake cha mchanga cha kupimia muda kuwa ishara ya kuondoka, na hapo Teresia alipaswa kukisogeza kiti kwa namna maalumu, kumshika mkanda kwa nyuma na kumfuata hatua kwa hatua hadi chumba cha kulia. Akienda upesi aliambiwa atamwangusha, akienda polepole aliulizwa kama bado yupo. Walipofika ilimbidi amketishe na kuzikunja mikono ya joho lake vile vile alivyotaka, na kazi ingeweza kuishia hapo, lakini msichana huyo aligundua kwamba vidole vya mzee havikuweza tena kukata mkate, naye akawa haondoki kabla ya kumkatia. Hakuna aliyekuwa amemwagiza hivyo. Vitendo vidogo vya namna hiyo, visivyoingia katika kitabu chochote cha hesabu, ndivyo vilivyoubeba mpango mzima kwa karne nyingi, na mwanahistoria anayetazama majengo na posho peke yake hukosa sehemu kubwa ya habari.

Karne ya 19 ilileta utawa wa sura nyingine. Mashirika ya masista wa kazi za nje, ambao hawakufungwa na klausura na waliishi kwa kufundisha na kuuguza, yaliongezeka kwa kasi, na mengi yao yalipokea mabinti wasio na mali yoyote. Shirika la Masista Walimu wa Notre Dame, lililoanzishwa Bavaria mwaka 1833 na Karolina Gerhardinger, liliingia Marekani mwaka 1847, na mtaguso wa maaskofu uliofanyika Baltimore mwaka 1884 ulipoagiza kila parokia iwe na shule, mahitaji ya masista walimu yakawa hayana kikomo. Malipo waliyopewa hayakuwa mshahara. Yalikuwa posho ya kukimu maisha, na kilichobaki kilisomesha wanovisi na kujenga nyumba mama, yaani makao makuu ya shirika, ambamo ghorofa moja au bawa moja lilitengwa kuwa infirmaria. Akiba ya uzeeni haikuwekwa kwa sababu akiba yenyewe ilikuwa ni watu, na maadamu kila mwaka waliingia mabinti wengi kuliko wazee waliozikwa, hesabu ilikubali. Ni vyema kusema wazi kwamba wazazi wa Kikatoliki, parokia na majimbo walinufaika kwa vizazi vitatu na elimu ambayo sehemu kubwa ya gharama yake ilikopwa kutoka kwenye uzee wa wanawake hao.

Katikati ya miaka ya 1960 masista wa Marekani walikuwa wapata 180,000, idadi ambayo haijafikiwa tena. Katika miaka iliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano wengi waliondoka, walioingia wakawa wachache, na kufikia mwaka 2014 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 50,000, wengi wao wakiwa wazee. Mfumo wa taifa wa hifadhi ya jamii, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1935, uliwaacha nje wenye nadhiri ya ufukara mpaka mwaka 1972, sheria iliporuhusu mashirika ya kitawa kujiunga kwa uamuzi usioweza kubatilishwa. Lakini kwa kuwa sista hana mshahara wake, mchango ulikadiriwa kwa thamani ya chakula, malazi na mavazi anayopewa na shirika, na kiwango cha chini kikawekwa kuwa dola 100 kwa mwezi, hivyo mafao yaliyofuata yakawa madogo kuliko ya mwalimu wa kawaida aliyefanya kazi ile ile. Ukubwa wa upungufu ulijulikana kwa umma mwaka 1986, mwandishi John Fialka alipoieleza hali hiyo katika gazeti la Wall Street Journal, na mwaka 1988 maaskofu wakaanzisha mchango wa kila mwaka makanisani kwa ajili ya watawa wazee. Mchango huo umepokewa kwa ukarimu mkubwa, jambo linaloonyesha kwamba waumini walilitambua deni mara walipoambiwa lipo.

Katika miaka hiyo hiyo infirmaria za masista zilifungua mlango ambao haukutarajiwa. Mwaka 1986, David Snowdon, mtaalamu wa elimu ya kuenea kwa magonjwa, alianza utafiti kati ya Masista Walimu wa Notre Dame wa Mankato, jimbo la Minnesota, ambao baadaye ulipanuliwa kwa nyumba nyingine za shirika hilo na kujumuisha masista 678 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, waliokubali kupimwa kumbukumbu mara kwa mara na kuutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Maisha ya kitawa yalimpa mtafiti kitu adimu, kwani watu hao walikula chakula kimoja, walikaa nyumba moja, hawakuvuta sigara na walipata matibabu ya aina moja, hivyo tofauti zilizoonekana kati yao hazikuweza kuelezwa kwa urahisi na utajiri au umaskini. Katika makabati ya nyumba mama zilipatikana insha ambazo masista hao walikuwa wameziandika kuhusu maisha yao walipokuwa na umri wa miaka 20 na kitu, kabla ya kuweka nadhiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba wale ambao insha zao za ujanani zilikuwa na mawazo mengi yaliyosukwa pamoja hawakupatwa sana na ugonjwa wa Alzheimer, ambao hula kumbukumbu za wazee. Kinachozungumzwa kidogo ni kwamba utafiti huo uliwezekana kwa sababu palikuwa na utunzaji wa kudumu: mtu aliyefahamika na wenzake kwa miaka 60, ambaye karatasi yake ya ujanani haikutupwa.

Nyumba mama nyingi tangu hapo zimegeuzwa kuwa makazi ya uuguzi yenye vibali vya serikali na wauguzi walei wa kulipwa, nyingine zimepokea wazee wasio watawa ili kugawana gharama, na baadhi zimeuzwa, masista wakahamia pamoja katika makazi yanayoendeshwa na wengine. Sista aliyestaafu hupewa rasmi huduma ya sala, na jina hilo lina maana kwake, kwani humhakikishia kwamba bado ametumwa. Lakini kukusanya wadhaifu wengi chini ya paa moja kuna hatari yake: katika mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 uliwaua masista 13 wa nyumba moja ya shirika la Wafelisia huko Livonia, jimbo la Michigan, karibu wote katika muda wa mwezi mmoja.

Katika Afrika Mashariki historia hii imeanza kwa kuchelewa. Masista Wabenediktini wa Tutzing waliofika Pugu, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1888, walikufa wengi kwa homa na kwa vita kabla uzee haujawafikia. Mashirika ya wazalendo yalifuata, yakiwemo Bannabikira wa Uganda mwaka 1910, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko wa Nkokonjeru mwaka 1923, na Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, mkoani Ruvuma, mwaka 1938, na yote yalijengwa juu ya hesabu ile ile iliyotumika Marekani, ya posho ndogo, mikono mingi ya vijana na imani kwamba wanovisi hawatakoma. Hesabu hiyo bado inakubali, kwa sababu nyumba za malezi bado zina watu, na hatari yake imo humo humo katika kukubali kwake. Maaskofu, wakuu wa mashirika na waumini ambao watoto wao wamefundishwa na kutibiwa na masista hao wanayo nafasi ambayo wenzao wa Marekani waliigundua ikiwa imekwisha kupita: kila mkataba kati ya jimbo na shirika uwe na kifungu cha matunzo ya uzeeni, na fedha zake ziwekwe katika akaunti isiyoguswa kwa ujenzi wala kwa karo.